Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Maneno ya Mweka Hazina katika chakula cha hisani cha mwaka, Dar es Salaam



Ni desturi ya chama chetu kwamba katika shughuli hii mmoja wetu anapewa dakika chache azungumze juu ya mtu mashuhuri wa historia ambaye maisha yake yana la kutufundisha. Amekwisha kuzungumziwa Mwalimu Nyerere, amezungumziwa Bibi Titi Mohamed, amezungumziwa Chifu Mkwawa. Mwaka huu kamati imenipa zamu mimi. Nadhani walitegemea kwamba mhasibu atasoma tarakimu kisha atakaa. Tarakimu zipo, zimechapwa ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na nitazifikia. Kabla ya hapo naomba niwarudishe nyumbani, kwenye pamba.

Mwaka 2004 nilihitimu shahada ya biashara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkuu wa Chuo wa wakati wetu alikuwa Balozi Paul Bomani. Kwetu sisi wahitimu alikuwa jina la mzee mmoja mkubwa kwenye karatasi za mahafali, basi. Nilipokwenda likizo nikamsimulia baba habari za chuo, na katika kusimulia nikalitaja jina hilo. Baba alikuwa anafunga kwato la jembe. Akasimama, akaniuliza, "Bomani yupi? Bomani wa mizani?"

Nilikuwa na shahada mkononi na sikujua baba anazungumzia nini. Ndipo akaniketisha chini ya mwembe akanieleza. Mengine niliyasoma baadaye mwenyewe. Leo nawaletea yote mawili, ya baba na ya vitabuni.

Paul Bomani alizaliwa tarehe 1 Januari 1925 huko Musoma. Baba yake alikuwa mhubiri wa Waadventista Wasabato, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ya nidhamu na kusoma. Baada ya shule alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Williamson pale Mwadui, kuanzia 1945 hadi 1947. Kisha akaja Mwanza, akashika kazi ya ukatibu katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji ule. Alikuwa na umri wa miaka 22. Vijana mlioko hapa, hesabuni miaka yenu.

Sasa wazee wangu watanisahihisha nikikosea, maana hapa nafika kwenye mambo waliyoyaona kwa macho.

Miaka ile pamba ndiyo iliyokuwa fedha ya Kanda ya Ziwa. Kodi ililipwa kwa pamba, ada ya mtoto ililipwa kwa pamba, ng'ombe wa mahari walinunuliwa kwa pamba. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akachambua nyeupe na chafu, akaibeba kichwani au kwenye mkokoteni hadi kituo cha kununulia. Pale alimkuta mnunuzi mwenye leseni. Pamba ilikuwa ya mkulima. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyesoma mizani alikuwa mnunuzi, aliyeandika daftari alikuwa mnunuzi, aliyehesabu fedha alikuwa mnunuzi. Mkulima alisimama pembeni akingoja kuambiwa amepata kiasi gani.

Malalamiko ya wizi wa mizani yalikuwa kila mahali. Naomba nitumie mfano wa darasani ili tuone uzito wake. Tuseme mkulima ameleta mzigo wa ratili 100, na mizani inasema 90. Ratili 10 si kitu cha kupigania, mtu ana njaa, jua limewaka, nyuma yake kuna foleni. Anachukua fedha anaondoka. Lakini mtu huyo akileta mizigo 10 katika msimu, mzigo mmoja mzima ameutoa bure. Katika kila mistari 10 ya shamba lake, mmoja ameulima yeye na mke wake na watoto wake kwa ajili ya mtu mwingine, na wala hajui. Na bei iliyotangazwa na serikali haijaguswa hata senti moja. Ukimshtaki mnunuzi atakuonyesha kwamba amelipa bei halali.

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya vitabu kwa zaidi ya miaka 15, na naweza kuwaambia kwamba upotevu wa fedha mara nyingi unakuja namna hiyo hiyo. Kufuli halivunjwi. Kipimo kinashikwa na mtu mmoja, na hakuna mwingine wa kukitazama.

Bomani na wenzake, kwa sababu hakuwa peke yake, wangeweza kufanya maandamano. Wangeweza kuchoma vituo. Walichofanya kilikuwa kidogo na kilichosha zaidi. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe. Watu hawa walilipwa na wakulima, wakakaa vituoni na kuhakiki uzito wa pamba, ili mkulima ajue mzigo wake ni ratili ngapi na asingoje kuambiwa. Ni hilo tu. Baba aliniambia kwamba yeye wakati huo alikuwa mtoto wa kubeba kapu, na jambo analolikumbuka ni babu akirudi nyumbani jioni akitaja ratili zake kwa sauti, mara mbili, tatu, kama mtu aliyepewa jina jipya. Kabla ya hapo alirudi akitaja shilingi alizopewa. Siku ile alitaja ratili alizoleta.

Kutoka kwenye mizani wakaenda kwenye chama. Mwaka 1952 Bomani alikuwa mbele katika kuunda umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na kazi kubwa ikawa kuzunguka vijijini kuwaeleza watu kwamba wanaweza kuuza pamba yao kupitia chama chao wenyewe. Mwaka 1953 vyama vya msingi vikaanza kununua pamba. Yeye mwenyewe akapelekwa Uingereza, Chuo cha Ushirika cha Loughborough, kusoma uendeshaji wa ushirika, akarudi 1954. Angalieni hapo. Alikuwa tayari kiongozi, watu wanamwamini, lakini alikubali kwenda kukaa darasani ajifunze namna ya kutunza mali ya watu.

Mwaka 1955 vyama vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na Bomani akawa meneja mkuu wake. Chini kulikuwa na chama cha msingi, pale pale kijijini, ambako mkulima alipima pamba na kupewa stakabadhi. Juu yake kulikuwa na vyama vya ushirika vya maeneo, na juu kabisa Shirikisho pale Mwanza. Kwa makato ya wakulima wenyewe na mikopo, Shirikisho likaanza kumiliki viwanda vya kuchambua pamba, likianza na cha Kasamwa, Geita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa ushirika, na Shirikisho lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Haikupita hata miaka 10 tangu siku za kulalamikia mizani.

Na haya yalifanyika wakati mgumu. Serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku katika Usukuma tangu 1954 hadi 1958. Siasa ilikatazwa. Lakini watu waliokwisha kujifunza kuchagua mwenyekiti wa chama cha msingi, kumuuliza katibu maswali na kukagua stakabadhi zao, hao walikuwa wamekwisha kuanza kujitawala. Mkoloni alifunga ofisi za chama cha siasa, lakini mazoea yale ya watu hakuweza kuyafunga.

Mengine ya maisha yake mnayajua, nitayapitia haraka. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo na Ushirika. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza kushika wizara hiyo katika nchi yetu. Juni 1965, akiwa bado kwenye wizara hiyo, Tanzania, Kenya na Uganda zilitangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake na fedha yake. Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa Juni 1966, na ndipo tukapata shilingi yetu wenyewe. Kuanzia 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wetu Marekani. Mdogo wake, Mark Bomani, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mwafrika. Mzee Paul aliwekwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1993 na akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 2005, mwaka mmoja tu baada ya mimi kuvaa joho langu bila kumjua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kama ningekuwa nimekuja kusifu tu, ningeishia hapa na mngepiga makofi. Lakini hadithi ya mizani haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi.

Baada ya uhuru, Bomani akiwa keshahamia serikalini, vyama vya ushirika viliongezeka upesi kuliko watu wenye ujuzi wa kuviendesha. Malalamiko yakaanza tena, safari hii dhidi ya vyama vyenyewe. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Iliyoyakuta yaliandikwa wazi: watumishi wasio na ujuzi, upendeleo wa ndugu katika ajira, wizi, siasa kuingilia kazi, na wanachama wasiojua kinachoendelea ndani ya chama chao. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za serikali. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini wazee wanajua kwamba ile imani ya mwanzo haikurudi yote.

Nimelitafakari sana jambo hili. Wakulima wale wale waliokataa kupimiwa na mnunuzi, baadaye walikubali kupimiwa na katibu wa chama chao bila kuuliza. Kwa nini? Kwa sababu katibu alikuwa mtoto wa nyumbani. Ukimhoji mgeni unaonekana mwerevu, ukimhoji mtoto wa nyumbani unaonekana mchawi. Ndivyo tulivyo, ndugu zangu, tusidanganyane.

Na hapa sasa nafika kwangu mwenyewe.

Wote mnajua kwamba bweni la wasichana la sekondari yetu ya kata limesimama usawa wa lenta. Boma lipo, limejengwa kwa nguvu za wananchi na michango yenu, lakini halijapauliwa, na mvua za misimu miwili zimelinyeshea. Wasichana wetu wanaotoka vitongoji vya mbali bado wamepanga vyumba mitaani, wanajipikia wenyewe, wanaamka usiku kuchota maji. Kila mzazi hapa anajua hatari ya hayo, sina haja ya kuyataja.

Watu wengi wanasema ujenzi umekwama kwa sababu maisha ni magumu na watu hawana fedha. Mimi mweka hazina wenu nasema si kweli. Nimepitia daftari la michango. Michango haikupungua kidogo kidogo kama fedha inavyopungua kwa watu. Ilikatika. Na ilikatika baada ya mikutano mikuu miwili mfululizo ambayo mimi sikusoma mahesabu.

Mkutano wa kwanza nilisema muda umekwisha. Mkutano wa pili nilisema taarifa iko kwenye kompyuta, nitaituma kwenye kundi la simu, nikaituma nusu. Hakuna senti iliyopotea. Stakabadhi zote ninazo, za saruji, za nondo, za fundi. Lakini mchangiaji angejuaje? Mimi ndiye niliyeshika mizani, mimi ndiye niliyeisoma, mimi ndiye niliyeandika. Nilikuwa nimekaa pale pale alipokuwa amekaa mnunuzi wa pamba.

Aliyenifumbua macho si mkaguzi wa kutoka mjini. Ni mayu mmoja wa kijijini kwetu, mjane, anayeuza karanga mnadani. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, ile elfu tano yangu iko kwenye tofali lipi?" Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi karanga zangu nazipima kwa kopo mbele ya mteja. Nawe je?"

Sikuwa na jibu. Nina shahada, nina cheti cha uhasibu wa taaluma, kila mwezi nafunga vitabu vya kampuni za watu kwa tarehe. Vitabu vya nyumbani nilikuwa sijavifunga kwa miaka miwili. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nilikuwa na daftari. Nilichowanyima watu ni habari.

Wazee wangu na ndugu zangu, mbele yenu naomba radhi. Na kwa kuwa radhi peke yake haipaui nyumba, niwaeleze tulichokwisha kukifanya, mkipime wenyewe.

Kwanza, ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki una mahesabu yote ya bweni tangu tofali la kwanza hadi mwezi uliopita: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki benki. Orodha ya wachangiaji iko hapo, mwenye elfu tano na mwenye milioni moja wameandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja.

Pili, nimemwomba Mwenyekiti, naye amekubali, kwamba kamati ya ukaguzi ichaguliwe na wanachama walioko kijijini, nami nisiwe na kauli katika uchaguzi huo. Wamechaguliwa watu watatu. Mmoja wao ni yule mayu wa karanga. Hajasoma sana, lakini anajua kuhesabu na hamwogopi mtu. Vifaa vikifika eneo la ujenzi, hao watatu ndio watakaovihesabu kabla fundi hajavigusa, na daftari lao litabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule ambapo kila mzazi na kila mwanafunzi atalisoma.

Tatu, hakuna fedha itakayotoka benki kwa saini yangu peke yangu, hata kama ni ya misumari.

Haya si mambo makubwa. Najua wapo watakaosema tunapoteza muda kwa makaratasi wakati watoto wanahitaji paa. Nawaomba wakumbuke mizani ya pamba. Kazi ile nayo ilionekana ndogo, mtu kusimama kando ya mzani na kitabu. Lakini kabla ya viwanda, kabla ya Shirikisho, kabla ya uwaziri na ubalozi, kulikuwa na mtu amesimama kando ya mzani na kitabu. Na ushirika ule ulipopoteza watu wa namna hiyo, ukubwa wake haukuuokoa.

Sasa nifike kwenye kilichotuleta. Bweni linahitaji mbao za kupaulia, mabati, misumari, milango, madirisha na vitanda. Makadirio ya fundi yamechapwa, bei za dukani zimechapwa, na jina la duka lililotupa bei ya chini limeandikwa ili mwenye kujua duka la bei nafuu zaidi atuambie. Fomu za ahadi ziko mezani. Vijana watapita na kalamu.

Ila ninalo ombi moja kabla ya kuandika ahadi. Fungueni kwanza ukurasa wa mwisho. Usomeni. Mwenye swali aniulize hapa hapa, mbele ya mgeni rasmi, asiogope kwamba mimi ni mtoto wa nyumbani. Nitakaa mezani hadi wa mwisho ajibiwe. Aliyeridhika ndiye aandike. Asiyeridhika asiandike leo, aje kesho ofisini kwangu tukae na stakabadhi.

Januari muhula utakapofunguliwa, tukijaliwa, wasichana wale walale chini ya bati na si mitaani. Na nikienda kumsalimu mayu wa karanga, nataka nimshike mkono, nimpeleke hadi ukutani, nimwonyeshe.